Namna ya Kuyakagua Mabadiliko ya Huduma za Mabasi ya Jiji kwa Jicho la Dereva

Tangazo la mabadiliko ya huduma za mabasi ya jiji huandikwa kwa ajili ya abiria. Humwambia njia ipi imefupishwa, ipi imeunganishwa na nyingine, basi litapita kila baada ya dakika ngapi, na utaratibu mpya utaanza tarehe gani. Kisichoonekana humo ni siku ya kazi ya yule atakayeliendesha basi lenyewe: ataripoti saa ngapi, atakaa kwenye usukani kwa muda gani bila kuinuka, atakula wapi, na atafika kwake saa ngapi. Mambo hayo yote huwa yamekwisha kuamuliwa wakati ratiba inachorwa, kwa hiyo anayesubiri siku ya utekelezaji ndipo aulizie hali za kazi huwa amechelewa. Mwongozo huu ni kwa madereva, wawakilishi wao katika vyama vya wafanyakazi, na maofisa wa uchukuzi wanaotaka kuyapima mabadiliko mapema, wakati kalamu bado inaweza kurekebisha kitu.

Anza kwa kuomba karatasi zilizo sahihi

Ratiba ya safari, ile inayobandikwa vituoni, haitoshi. Nyuma yake kuna karatasi nyingine tatu. Ya kwanza ni mpango wa magari, unaoonyesha kila basi linatoka yadi saa ngapi, linafanya safari zipi na linarudi lini. Ya pili ni karatasi za zamu, zinazoigawa kazi ya mabasi hayo katika vipande vinavyoweza kufanywa na mtu mmoja kwa siku moja. Ya tatu ni mzunguko wa zamu, unaoonyesha jinsi dereva mmoja anavyopangiwa zamu hizo wiki baada ya wiki, pamoja na siku zake za mapumziko. Ratiba ya abiria inaweza kubaki vilevile, dakika kwa dakika, huku karatasi hizi tatu zikipinduliwa kabisa. Nimeona mara nyingi mjadala wote ukiishia kwenye ratiba hiyo ya abiria kwa sababu tu ndiyo pekee iliyotolewa.

Ziombe kwa maandishi, ukitaja toleo linalotumika sasa na toleo linalopendekezwa, kwa sababu bila kuyaweka mawili hayo sambamba huwezi kuona kilichobadilika. Mwajiri akijibu kwamba karatasi za zamu bado hazijakamilika, basi jibu lako liwe kwamba tarehe ya kuanza nayo isitangazwe hadi zikamilike.

Piga hesabu ya mzunguko

Hesabu hii ndiyo kiini cha ukaguzi wote, nayo haihitaji zaidi ya kugawanya na kuzidisha. Mzunguko wa njia ni muda wa kwenda, muda wa kurudi, na dakika ambazo basi linakaa kwenye vituo vya mwisho vya pande zote mbili. Ukiugawanya muda huo kwa dakika zinazotenganisha basi na basi, unapata idadi ya mabasi yanayohitajika.

Chukua njia inayotumia dakika 40 kwenda na 40 kurudi, ikiwa na dakika 10 katika kila kituo cha mwisho. Mzunguko ni dakika 100, na kama basi linapita kila baada ya dakika 10, yanahitajika mabasi 10. Sasa tuseme kampuni inataka kubana matumizi kwa kutumia mabasi 9, bila kugusa zile dakika 10 kati ya basi na basi. Mzunguko hauna budi kushuka hadi dakika 90. Barabara haikupungua urefu wala msongamano haukupungua, kwa hiyo zile dakika 10 zitakatwa mahali pamoja tu panapokatika: kwenye vituo vya mwisho, ambako kila dakika 10 zinabaki 5. Tangazo litasema kwamba huduma haijabadilika, na kwa abiria anayesimama kituoni maneno hayo ni ya kweli. Kwa dereva, katika mizunguko mitano ya siku, dakika 100 za vituo vya mwisho zimegeuka kuwa 50.

Hizo 50 zenyewe si za kupumzika. Basi linapofika mwisho wa njia, dereva hushusha abiria, hupita kati ya viti kuangalia kama kuna aliyelala au mzigo uliosahauliwa, hubadilisha kibao cha mwelekeo, huingiza namba ya safari mpya kwenye mashine ya tiketi, kisha hufungua mlango kwa wanaosubiri kwenda upande wa pili. Dakika 5 zinaishia hapo. Na kama alichelewa njiani kwa dakika 5, jambo ambalo mvua moja au abiria mmoja wa kiti cha magurudumu anayehitaji kushushiwa ngazi ya mteremko linatosha kulisababisha, basi anaondoka palepale bila hata kuteremka kwenye kiti. Kwa sababu hiyo, katika majibu yako usikubali kamwe dakika za kituo cha mwisho ziitwe mapumziko. Dakika hizo ni za kuifidia ratiba ichelewapo. Mapumziko ya mtu yaandikwe peke yake kwenye karatasi ya zamu, yakiwa na mwanzo, mwisho, na mahali pa kukaa.

Pinga wastani

Swali linalofuata ni hili: zile dakika 40 za njiani zimetoka wapi? Mabasi mengi siku hizi yana vifaa vinavyorekodi muda wa kupita kila kituo, hivyo takwimu zipo. Tatizo huwa katika jinsi zinavyotumika. Ukichukua wastani wa siku nzima ukaufanya kuwa muda wa ratiba, safari za alfajiri zitakuwa na muda wa ziada, na safari za saa za msongamano zitachelewa karibu zote. Hata wastani wa saa moja tu ya siku unamaanisha kwamba takriban nusu ya safari za saa hiyo zitaupita muda uliopangwa.

Utaratibu wa kitaalamu unaotumika sana ni kuzipanga safari za saa husika kuanzia ya haraka hadi ya polepole, kuweka muda wa njiani karibu na safari iliyo katikati, kisha kuongeza kwenye kituo cha mwisho dakika za kutosha kuzifidia safari 90 au 95 kati ya kila 100. Omba muda huo kwa kila kipindi cha siku na kwa kila siku ya juma. Uliza pia kama takwimu zilikusanywa shule zikiwa zimefungwa, au kabla ya njia kuongezewa vituo, au wakati ambapo tiketi zilikuwa zikikatwa na kondakta. Kondakta akiondolewa na dereva akaachiwa nauli, kila kituo kinakula sekunde kadhaa zaidi, na sekunde hizo zikijumlishwa kwenye vituo 30 huwa dakika kadhaa ambazo hakuna aliyezipangia.

Upande wa pili nao uangaliwe kwa haki. Muda wa njiani ukiwa mrefu kupita kiasi, dereva hulazimika kulitambaza basi au kulisimamisha katikati ya njia ili asiondoke kabla ya wakati, na abiria humlaumu kana kwamba ni mzembe. Dakika za akiba zinafaa zaidi zikiwa mwisho wa njia.

Jua sheria inapoishia

Wengi hudhani kwamba ukomo wa saa za kuendesha uliowekwa kisheria unawalinda madereva wote. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 561 ya mwaka 2006 inajulikana kwa ukali wake: mapumziko ya dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu, na kwa kawaida si zaidi ya saa 9 za kuendesha kwa siku. Lakini kanuni hiyohiyo inayaacha nje mabasi ya huduma za kawaida ambayo njia yake haizidi kilomita 50, yaani karibu mabasi yote ya jiji. Nchini Uingereza, dereva wa basi la namna hiyo anaongozwa na kanuni za ndani zinazoruhusu kuendesha saa tano na nusu kabla ya mapumziko ya dakika 30, na siku ya kazi inayoweza kutandazwa hadi saa 16 kutoka kuripoti hadi kumaliza. Zamu inaweza basi kuwa halali kwa kila kipengele na bado ikamchosha mtu kupindukia.

Kwa hiyo unapokagua zamu mpya, weka mbele yako mambo matatu: sheria ya nchi yako, mkataba wa hali bora za kazi uliopo kati ya chama na mwajiri, na Mkataba namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1979. Huo wa mwisho unahusu saa za kazi na mapumziko katika usafiri wa barabarani. Unataka dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila mapumziko, jumla ya kuendesha isizidi saa 9 kwa siku na 48 kwa juma pamoja na muda wa ziada, na mapumziko ya siku yawe saa 10 mfululizo katika kila saa 24. Nchi zilizouridhia ni chache, na mamlaka za nchi zimeachiwa nafasi ya kulegeza baadhi ya viwango. Hata hivyo unakupa kipimo ambacho si matakwa ya chama chako tu, na katika meza ya majadiliano tofauti hiyo ina uzito.

Zamu iliyokatwa vipande viwili

Mahitaji ya abiria hupanda asubuhi na jioni, na katikati hushuka. Mwajiri anayeongeza mabasi ya saa za msongamano bila kuongeza madereva hukimbilia zamu iliyokatwa. Dereva anafanya kazi kuanzia saa 11:30 alfajiri hadi saa 3:30 asubuhi, anaachwa, kisha anarudi saa 9:30 alasiri hadi saa 1:30 usiku. Karatasi itaonyesha saa 8 za kazi. Siku yake imechukua saa 14, na kati ya kumaliza na kuripoti tena kesho yake zimebaki saa 10 kamili, ambazo ndani yake anapaswa kusafiri kwenda nyumbani, kuoga, kula, kulala na kurudi. Kama anakaa mwendo wa saa moja kutoka yadi, usingizi wake hauwezi kufika saa 7 hata akifanya kila kitu haraka. Na alfajiri hiyo anapotakiwa kuripoti, basi la kumfikisha yadini halijaanza kutembea, kwa kuwa yeye ndiye wa kulianzisha.

Zamu za namna hii ni vigumu kuzifuta kabisa, nami sidhani kwamba mwakilishi anayedai zifutwe zote atasikilizwa. Dai ukomo. Hesabu ni zamu ngapi kati ya kila 100 zimekatwa katika ratiba ya sasa na ni ngapi katika mpya. Taka muda kutoka kuripoti hadi kumaliza usizidi saa 12, muda wa katikati ulipwe angalau kwa sehemu, pawepo chumba cha kulala yadini, na mtu mmoja asipangiwe zamu hizo siku zote za juma. Katika mzunguko wa wiki, angalia pia mwelekeo wa zamu: kutoka asubuhi kwenda mchana, kisha usiku, mwili hujizoeza kwa urahisi zaidi kuliko kurudi nyuma kutoka usiku kwenda asubuhi.

Choo, maji na kiti

Kila njia inapohamishiwa kituo kingine cha mwisho, nenda kwa miguu mpaka mahali hapo. Choo kipo? Kinafunguliwa saa ngapi, na safari ya mwisho inafika saa ngapi? Ufunguo unashikwa na nani? Kinatumika na madereva wanawake kwa usalama saa 5 usiku? Dereva asiye na hakika ya choo huacha kunywa maji tangu alfajiri, na hilo humletea maumivu ya figo na kibofu, pamoja na kizunguzungu cha kiu akiwa na abiria zaidi ya hamsini nyuma yake. Ni jambo dogo kulitatua kabla njia haijahamishwa. Baada ya hapo huchukua miaka. Jiji la London, lenye huduma ya mabasi iliyopangwa kwa makini kuliko nyingi duniani, lililazimika mwaka 2018 kutenga fedha mahsusi kwa ajili ya vyoo vya madereva kwenye njia zisizokuwa navyo.

Kuhusu kukaa muda mrefu, ushahidi ni wa zamani na unatokana na mabasi yenyewe. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wa wafanyakazi wa usafiri wa London, uliobaini kwamba makondakta, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa siku nzima, walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva waliokaa. Baadaye ilibainika kwamba tofauti nyingine za kimwili kati ya makundi hayo zilichangia, lakini uchunguzi huo ulifungua mlango wa utafiti mkubwa juu ya mazoezi na afya ya moyo. Ukiletewa ratiba inayofuta kila nafasi ya kuinuka, una haki ya kuipinga kwa sababu za kiafya, na kuomba daktari wa kazi ashirikishwe.

Mabadiliko mengine yanayofika pamoja na ratiba

Basi la umeme likiletwa, litazame katika karatasi ya zamu kabla ya kuliangalia rangi. Dakika za kuchaji kwenye kituo cha mwisho zikihesabiwa kuwa mapumziko ya dereva, uliza ni nani anayeunganisha waya, anayesubiri, na anayejibu hitilafu ikitokea. Mafunzo ya kuendesha gari hilo, ambalo huondoka kwa kasi na kwa ukimya, yalipwe kama saa za kazi.

Njia ikihamia kampuni nyingine kwa zabuni, pigania kipengele cha kuwahamisha wafanyakazi pamoja na mishahara, miaka ya utumishi na likizo zao, nacho kiandikwe katika nyaraka za zabuni kabla hazijatolewa. Kisipokuwemo, kampuni itakayoshinda kwa bei ya chini itakuwa imeshinda kwa kupunguza mishahara, kwa kuwa dizeli na matairi bei yake haitofautiani sana kati ya mzabuni na mzabuni.

Mfumo wa malipo nao uulizwe waziwazi. Malipo ya dereva yakitegemea idadi ya abiria au kiasi anachopaswa kumkabidhi mwenye gari kila jioni, hakuna ratiba itakayofuatwa, kwani mabasi mawili ya njia moja yatakimbizana kugombea kituo kimoja. Hali hiyo ilikuwa sifa mbaya ya Bogotá, Kolombia, kabla ya mfumo wa mabasi yaendayo haraka wa TransMilenio kuanza mwezi Desemba 2000, na ya Santiago, Chile, kabla ya mageuzi ya mwaka 2007. Kuhamia mshahara wa mwezi ni hatua njema, ila ihakikiwe kwamba mshahara huo haushuki chini ya kile ambacho dereva alikuwa akipeleka nyumbani kwa wastani.

Abiria wajulishwe mapema, tena na mtu mwingine asiye dereva. Siku ya kwanza ya njia mpya au nauli mpya, mlango wa mbele ndio unaopokea hasira zote za watu ambao hawakuambiwa, na Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2019 unahesabu matusi na vitisho kutoka kwa watu wa nje, wakiwemo wateja, kuwa suala la usalama kazini ambalo mwajiri anapaswa kulizuia. Dai wasaidizi wa vituoni katika juma la kwanza, na dereva aruhusiwe kuendelea na safari bila kubishana juu ya nauli.

Namna ya kuandika majibu na kusimamia utekelezaji

Barua ya majibu iwe fupi, ikiambatanishwa na hesabu. Usiandike kwamba ratiba ni ngumu. Andika kwamba safari ya saa 12:40 asubuhi imepangiwa dakika 40, kwamba kumbukumbu za mwezi uliopita zinaonyesha dakika 47 kwa safari nyingi za saa hiyo, na kwamba dakika 5 za mwisho wa njia haziwezi kuzifidia dakika 7. Kisha pendekeza: ama basi la kumi lirudishwe, ama mabasi yapite kila baada ya dakika 11 badala ya 10. Kwa mabasi 9 mzunguko unakuwa dakika 99, na abiria anaongezewa dakika moja tu ya kusubiri, naye atapata basi linalofika kwa wakati uliotangazwa. Pendekezo la namna hii huvuta abiria upande wako, na ni vema kulijadili na wawakilishi wao kabla ya kuliwasilisha.

Omba safari ya majaribio ifanywe kwa basi lenyewe, lenye urefu uleule, saa ya msongamano, likisimama kila kituo. Gari dogo la ofisini linalopita Jumapili asubuhi halithibitishi chochote. Omba pia mabadiliko yaende kwa awamu. Santiago ilibadili njia za jiji zima kwa siku moja, tarehe 10 Februari 2007. Mabasi hayakutosha, watu walijazana vituoni, na treni za chini ya ardhi zikaelemewa. Eneo la Greater Manchester nchini Uingereza, lilipozirudisha huduma za mabasi chini ya udhibiti wa umma, liligawa kazi katika awamu tatu, kuanzia Septemba 2023 hadi Januari 2025, na kila awamu ikahusu sehemu yake.

Baada ya kuanza, kila dereva awe na daftari dogo lenye safu nne: saa ya kuondoka iliyopangwa, saa aliyofika mwisho wa njia, dakika alizopata kabla ya kuondoka tena, na kama alipata mapumziko yake kamili. Yajazwe basi likiwa limesimama, kamwe si likiwa mwendoni. Mwakilishi ayakusanye kila juma na kuyapanga kwa njia na kwa saa, bila majina ya madereva, ili asiwepo wa kuogopa kuandika ukweli. Tarehe ya tathmini, tuseme baada ya miezi mitatu, iandikwe katika makubaliano ya mwanzo pamoja na kiwango kitakacholazimisha marekebisho: kwa mfano, safari yoyote ambayo, katika zaidi ya siku moja kati ya kila tano, imeondoka bila zile dakika za mwisho wa njia ipangiwe upya muda wake ndani ya siku 30. Siku ya tathmini ikifika, weka takwimu za mitambo ya mwajiri kando ya daftari za madereva, safari kwa safari, na mjadala uanzie pale ambapo karatasi hizo mbili zinatofautiana.